Kompyuta ya mtumba ya laki mbili na themanini, iliyokuwa haitaki kuzima

Nina steshenari ndogo Mbagala, Dar es Salaam. Kazi ni zile zile mnazozijua: kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua za kuomba kazi, kuwajazia vijana fomu za mkopo msimu wake ukifika. Kompyuta yangu ya kwanza ilipokufa nilishuka Kariakoo nikachukua ya mezani, mtumba, shilingi 280,000 pamoja na monita yake. Boksi jembamba la kulaza, kichakataji Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 8, haddiski GB 500, Windows 10 imeshawekwa. Kibandiko cha ofisi ilikotoka bado kilikuwepo ubavuni, kimekwanguliwa nusu.

Kwa kazi sina neno. Word inafunguka, printa mbili zinaikubali, mteja hasubiri. Tatizo lilikuwa jioni.

Saa mbili usiku nafunga. Nabofya “Shut down”, skrini inaaga vizuri tu, inakuwa nyeusi, taa ya monita inageuka rangi ya chungwa. Lakini boksi lenyewe halina habari. Taa ya mbele inawaka, feni inavuma. Ngoja dakika tano, ngoja kumi, wapi. Kuna siku nilichoka nikaiacha hivyo hivyo, asubuhi nikaikuta ile ile, bati la juu lina joto kama pasi iliyochomolewa sasa hivi. Nikawa sina njia ila kushikilia kile kitufe sekunde nne tano mpaka izime kwa nguvu. Nilijua sifanyi vizuri. Kuna kazi za watu mle ndani, na haddiski ya kuzunguka haipendi kukatiwa umeme ghafla.

Kilichoniuma zaidi ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ile taa nyekundu ikipepesa mara 1000 umeshakula yuniti moja. Basi usiku mmoja nilichomoa kila kitu, friji ya soda, printa, taa, hata chaja ya simu, nikaacha boksi peke yake likiwa limestaki. Nikaweka stuli mbele ya mita, simu mkononi inahesabu sekunde. Inapepesa mara moja kila sekunde 90 hivi. Piga hesabu: mara 40 kwa saa, ndiyo wati 40. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi ni karibu nusu yuniti, kila siku, kwa kompyuta ambayo mwenyewe nadhani imelala. Kwa mwezi yuniti 14. Hazinifilisi, lakini yuniti 14 ni zangu.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boksi. Alisikiliza feni, akatikisa kichwa. “Dada, hii pawa saplai imechoka. Elfu arobaini na tano, nakuwekea nyingine.” Nikamuuliza, hicho kifaa cha kuipa kompyuta umeme kama kimechoka, mbona inafanya kazi kutwa nzima? Akaniambia zikichoka ndivyo zinavyokuwa. Nilisema nitarudi, sikurudi.

Wa pili alikuwa na jibu moja kwa magonjwa yote: kupiga Windows upya. Elfu kumi na tano. Nikakubali, akapiga, na kweli, siku hiyo ikazima. Kesho yake ikazima. Nilimsifia kwa majirani. Siku ya tatu jioni, feni ile, taa ile. Nikampigia. “Dada, hivyo ni virusi, umevitoa kwenye fleshi za wateja.” Fleshi za wateja wangu nazifahamu, ni kweli zina mambo yake, siwezi kuzitetea. Lakini virusi vinavyosubiri saa mbili usiku?

Hapo katikati nilijaribu na ya kwangu mwenyewe. Nilichomoa printa zote kabla ya kuzima, hakuna kitu. Nikazima ile “Fast startup”, ambayo ipo tangu Windows 8: ukibofya kuzima, mashine haizimi moja kwa moja, inahifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye haddiski ili kesho iwahi kuwaka. Ndiyo maana ukifungua Task Manager unaweza kukuta “Up time” inasoma siku sita wakati wewe unazima kila jioni. Kwangu ilisoma hivyo. Niliitoa, na kwa kompyuta nyingi ndiyo dawa, kwa hiyo anzeni hapo kwa sababu haina gharama. Yangu haikupona.

Mponyaji alikuja likizo. Mtoto wa kaka yangu, yuko chuo, alikuja kunisaidia dukani wiki mbili. Nilipomhadithia hakugusa kitu kwanza, akauliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakuniuliza: “Shangazi, ukibofya Restart inakuwaje?” Nikamwambia Restart inakubali vizuri, inazunguka inarudi. Akacheka. Kumbe ndiyo dalili yenyewe. Kuanza upya hakuhitaji umeme ukatwe, kuzima kunahitaji. Kwa hiyo Windows inamaliza kazi zake zote, inafunga kila kitu, halafu ile amri ya mwisho ya kukata umeme inapotelea njiani.

Mimi ni wa zamani kidogo, nilijifunza kompyuta kwenye Windows 95. Enzi zile ukizima, skrini ilikuwa nyeusi na maandishi ya rangi ya chungwa yanayokwambia sasa ni salama kuzima, halafu unanyoosha mkono unabonyeza swichi mwenyewe. Kitufe kilikuwa kinakata umeme kwelikweli. Hizi za baadaye kitufe ni ombi tu: ubao mama, ule ubao mkubwa unaounganisha vyote ndani ya boksi, ndio unaoiambia pawa saplai iache, na hata ikiacha kuna volti 5 zinabaki zinatembea ili ikusikie ukibonyeza tena. Kwa hiyo fundi wa kwanza hakuwa mjinga, pawa saplai ipo kwenye huo mnyororo. Ila hakuangalia kama ndiyo iliyokatika.

Kijana akatoa fleshi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi bila kusakinisha chochote, akachagua ile sehemu ya kujaribu tu. Ikawaka, skrini ya zambarau. Hakufanya kitu kingine, akaizima.

Tak. Kimya.

Nilikuwa sijawahi kusikia duka langu likiwa kimya namna ile, redio ya kinyozi wa duka la pili ikasikika neno kwa neno. “Shangazi, pawa saplai haina kosa. Ubao hauna kosa. Ni Windows na draiva zake, zile programu ndogo zinazoiwezesha kuongea na vifaa.” Elfu arobaini na tano yangu ilipona hapo. Nikikumbuka kitu kimoja katika kadhia hii yote, ni hiyo fleshi. Dakika kumi, na unajua kama ugonjwa uko kwenye chuma au kwenye programu.

Akafungua Device Manager, akashuka kwenye “System devices”, akanionyesha mstari wenye jina Management Engine Interface. Alivyonieleza, ndani ya ubao wa hizi kompyuta za ofisini kuna kichakataji kidogo kinachojitegemea, kinaishi kwa zile volti za akiba hata kompyuta ikiwa imezimwa, na watu wa IT wa makampuni wanaweza kukitumia kuhudumia mashine wakiwa mbali. Mimi wa Mbagala sina IT, lakini nimekirithi pamoja na kile kibandiko. Draiva yake inakwenda na kizazi: mashine ya kizazi cha nne inataka toleo la 9, na yangu ilikuwa na la 11, la mashine za kizazi cha sita. Ililetwa na apdeti za kujiendesha zenyewe. Ndiyo maana Windows mpya ilipona siku mbili: ilichukua siku mbili kushusha apdeti zake, ikaivisha tena shati la mtu mwingine.

Kabla ya kubadilisha alifanya jaribio. Akabofya kulia ule mstari, akachagua “Disable”, akazima kompyuta. Ikazima. Akaurudisha, ikastaki. Hapo hakuna ubishi tena.

Dawa yenyewe ilichukua chini ya saa moja, nyingi ikiwa ni kusubiri kifurushi cha intaneti. Akaingia ukurasa wa msaada wa kampuni iliyotengeneza kompyuta, akaandika namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo kwenye kibandiko cha chini, akashusha ile draiva ya toleo la 9 iliyowekwa kwa ajili ya Windows ya zamani. Halafu akakata intaneti, na hapa alisisitiza sana. Akaondoa draiva mpya akiwa ameweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na mafaili yake, akasakinisha ya zamani, akaanzisha upya. Mwisho akaenda kwenye “Device installation settings” akachagua “No”, ili Windows isijiamulie tena kuniletea draiva. Ndipo akarudisha intaneti.

Nisiwadanganye kwamba kila kompyuta isiyozima ina ugonjwa huu. Ikiwa inagota kwenye skrini iliyoandikwa “Shutting down” na vidoti vinazunguka, angalia programu au huduma iliyogoma kufungwa, na mara nyingine ni printa. Ikiwa inazima kabisa halafu inajiwasha yenyewe, hiyo ni kesi tofauti, tafuta mambo ya kuamshwa na kadi ya mtandao au kipanya. Yangu ni ile ya skrini nyeusi na feni inayoendelea. Na kama hata kwa Ubuntu haizimi, basi rudi kwa fundi wa pawa saplai, yeye ndiye mwenye zamu.

Mwezi wa tano huu tangu tuibadilishe. Imezima kila jioni, isipokuwa mara moja ambapo ilichelewa dakika moja kwa sababu niliacha kazi ya kuprinti ikiwa imekwama. Kwa bei niliyonunulia naipa nyota nne. Ya tano naibana kwa sababu mbili. Muuzaji aliijaribu mbele yangu kwa kuiwasha tu, hakuizima, na mimi nilikuwa na haraka sikumwomba. Mkienda kununua mtumba, zimeni mara mbili dukani na mweke mkono kwenye tundu la feni. Sababu ya pili ni umri: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Kijana ananishawishi nihamie Linux, ukoo wa ile Ubuntu, moja kwa moja. Nasita kwa sababu ya wateja wanaoleta CV za Word zenye majedwali, zikifunguliwa kwingine zinavurugika, na lawama zinaniangukia mimi.

Siku ile ile tuliyomaliza, nilirudisha stuli mbele ya mita. Nikachomoa friji, nikazima taa, nikaacha boksi limechomekwa ukutani likiwa limezimwa. Nikakaa dakika ishirini natazama ile taa nyekundu. Haikupepesa hata mara moja, na nikaondoka kwa sababu ya mbu.