Kusajili laini ni dakika chache, kuifuta ni safari

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole haujazoeleka kujadiliwa kama huduma, kwa sababu mteja hauendei kwa hiari yake. Sheria ndiyo inayomtaka asajili. Hata hivyo ni huduma kamili: ina mhudumu, ina foleni, ina kifaa kinachofanya kazi au kinachogoma, na mteja, ingawa hana uhuru wa kukataa kusajili, ana uhuru wa kuchagua asajilie wapi na adai nini akiwa pale. Kwa kadiri nilivyoitumia hapa Tanzania, katika mitandao zaidi ya mmoja, naiona kuwa ni huduma iliyofikiriwa vizuri pale laini inapoanza kutumika, na ikasahauliwa pale mwenye laini anapotaka kuachana nayo.

Usajili wenyewe ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaupa nguvu ya lazima. Wakati ule mteja alijaza fomu ya karatasi na kuambatanisha nakala ya kitambulisho alichokuwa nacho, na kwa kuwa wakala hakuwa na namna ya kuthibitisha papo hapo kama jina lililoandikwa ni la aliyesimama mbele yake, jina la kubuni lilipita kirahisi. Tarehe 1 Mei 2019 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikaanza utaratibu wa sasa, ambapo alama ya kidole inalinganishwa na ile iliyohifadhiwa katika kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Ukomo ulikuwa 31 Desemba mwaka huohuo. Rais Magufuli, aliposajili laini yake Chato siku chache kabla ya ukomo, akaongeza siku 20, na laini zikaanza kufungwa kwa awamu kuanzia 20 Januari 2020. Wanaokumbuka foleni za wakati ule watakubali kwamba ndefu zaidi zilikuwa katika ofisi za NIDA na si kwa mawakala, kwa maana bila namba ya utambulisho hapakuwa na usajili. Ruhusa ya kutumia namba pekee, kabla kadi yenyewe haijatoka, ndiyo iliyowaokoa wengi.

Leo hali ni tofauti kabisa. Ukiwa na namba yako ya NIDA, wakala aliye chini ya mwavuli wa kampuni pembeni ya kituo cha daladala anaiingiza katika simu yake, anakuelekeza uweke kidole katika kifaa kidogo cha kusomea alama, na mtandao ukiwa mzuri ujumbe wa kukamilika kwa usajili unaingia kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Hutakiwi kuwa na picha wala nakala za karatasi. Kwa wepesi huu ningeipa huduma alama nane kwa kumi. Mbili nimezipunguza kwa sababu ya faragha: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, lakini mteja hulazimika kuitaja kwa sauti mbele ya abiria, wauza karanga na yeyote anayesubiri zamu yake. Maduka rasmi ya mitandao yana afadhali, maana mteja anaweza kuonyesha namba iliyoandikwa. Hakuna kinachomzuia wakala wa mwavuli kufanya vivyo hivyo isipokuwa mazoea.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kidole chenyewe. Kifaa kikishindwa kusoma, wakala husema, "Weka tena," na mteja huweka tena bila kuuliza, kwa sababu ni kweli kwamba vifaa hushindwa: vumbi, jasho, mikono iliyotoka kwenye jembe au nyavu. Ni katika marudio haya ndipo wakala asiye mwaminifu hupata nafasi ya kusajili laini ya pili kwa jina lako, laini ambayo hutaiona wala kuisikia, na ambayo ataiuza kwa mtu asiyetaka kujulikana. Mteja hana namna ya kutofautisha kidole cha pili kilichotokana na kifaa kugoma na kidole cha pili kilichotokana na hila, kwa sababu skrini imeelekezwa kwa wakala. Kasoro hii ni ya mpangilio wa huduma, na kuirekebisha hakuhitaji teknolojia mpya: inatosha mteja aonyeshwe skrini kabla ya kila jaribio, nayo itaje namba inayosajiliwa. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, ushauri wangu kwa mnunuzi ni kuomba kuiona skrini kila anapoambiwa arudie, na kuondoka ikiwa wakala atakasirika.

Dawa iliyotolewa rasmi ni kupiga *106#. Menyu hiyo, ambayo mpangilio wake unatofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao, hukuonyesha jina lililosajiliwa katika laini unayotumia na namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nasema bila kusita kwamba hii ndiyo sehemu bora ya mfumo mzima. Haihitaji intaneti, inafanya kazi katika simu ya kitochi, na inamfikia bibi aliyeko kijijini sawasawa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Udhaifu wake ni kwamba inangoja kuulizwa. Laini mpya inaposajiliwa kwa kitambulisho changu, taarifa huenda kwa laini hiyo mpya, yaani huenda kwa yule aliyeiba. Laini yangu ya siku zote, ambayo mfumo unaijua vizuri, haipati neno. Benki hunijulisha kila shilingi inapotoka, na mitandao hiyohiyo hunitumia matangazo ya vifurushi asubuhi na jioni, kwa hiyo uwezo wa kutuma ujumbe mmoja wa tahadhari hawaukosi.

Tuseme sasa umepiga *106# na kukuta namba usiyoijua. Hapa ndipo wepesi unapokwisha. Wakala wa mwavuli, aliyeweza kukusajili kwa dakika chache, hana mamlaka ya kufuta. Inakubidi uende duka la huduma la mtandao husika, uchukue namba ya foleni, na uweke kidole tena, safari hii kuthibitisha kwamba wewe ndiye unayeikana namba iliyosajiliwa kwa kidole hichohicho. Kwa mkazi wa mjini hiyo ni nusu siku ya kazi. Kwa aliyeko wilaya isiyo na duka la mtandao huo, ni nauli ya kwenda na kurudi, na haishangazi kwamba wengi huiacha namba hiyo ibaki ilipo. Katika duka moja nililofika, mhudumu alinishauri kwa upole niivumilie tu, kwa kuwa "haina madhara kama haitumiki". Ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa polisi wakifuatilia namba iliyotumika kutapeli, jina watakalolikuta ni la mwenye kidole. Kwa sehemu hii ya huduma siwezi kutoa zaidi ya alama tatu.

Serikali yenyewe ilionekana kulitambua tatizo, kwa sababu baada ya kampeni ya uhakiki laini ambazo hazikuwa zimehakikiwa zilipangiwa kufungwa tarehe 13 Februari 2023. Lilikuwa jambo jema, lakini fagio la mara moja halitoshi pale ambapo usajili unaendelea kila siku.

Je, lengo la kupunguza utapeli limefikiwa? Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" bado unaingia, tena kutoka katika laini zilizosajiliwa, kwa maana zisizosajiliwa hazifanyi kazi. Namba ya 15040, ambayo mwananchi hutumia kuripoti ujumbe wa namna hiyo, ni huduma ninayoipendekeza. Kilichoboreka waziwazi ni urudishaji wa laini iliyopotea. Zamani mtu aliulizwa namba alizopigia hivi karibuni na salio alilobaki nalo, maswali ambayo ndugu mwenye tamaa au mfanyakazi wa dukani angeweza kuyajibu. Sasa huulizwa kidole, na kwa kuwa laini ndiyo ufunguo wa M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo, ulinzi huo peke yake unafidia usumbufu mwingi.

Kwa wenye vidole vilivyosuguka, wazee na wavuvi hasa, napendekeza waende moja kwa moja duka rasmi, ambako vifaa huwa safi na mhudumu ana subira ya kujaribu kidole kingine. Wakala wa barabarani hulipwa kwa idadi ya laini anazosajili, na mzee ambaye kidole chake hakisomeki anampotezea muda.

Kuhusu usiri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imempa mteja haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani na haki ya kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Namba iliyosajiliwa kwa jina langu bila ridhaa yangu ni taarifa yenye makosa, na kwa msingi huo ningetarajia ombi la kuifuta lipokelewe kwa njia ileile ya *106#, kisha kidole kihakikiwe kwa wakala yeyote aliye karibu. Kifaa anacho, mtandao anao, na kanzidata inayoulizwa ni ileile.