Mbwa Akihamia Nyumba Mpya: Umwachie Uwanja Wote au Chumba Kimoja Kwanza?

Siku ya kuhama, lori likishashusha vyombo, mwenye mbwa huwa na njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo wengi wetu hufanya, ni kumfungulia azunguke nyumba na uwanja wote apendavyo. Ya pili ni kumtengea chumba au kona moja, kisha kumpanulia eneo kidogo kidogo.

Kumwachia huru kunamfaa mbwa jasiri aliyezoea safari, tena ikiwa ukuta ni mzima na geti linafungwa. Atanusa kila pembe, ataweka alama zake, na jioni atalala fofofo. Lakini kama uzio ni wa michongoma, subiri. Mbwa huijua dunia kwa pua, na hapo karibu kila harufu ni ngeni. Akishtuliwa na honi akachomoka, anaweza kukimbilia kule mlikotoka, si kwako.

Chumba kimoja kinachosha zaidi. Siku za mwanzo huenda akalia usiku, na majirani wapya watakujua kabla hujajitambulisha. Ila mwekee gunia au blanketi lake la zamani, bila kulifua, bakuli lile lile, na ugali wake kwa saa zile zile. Harufu na ratiba anazozijua ndizo zitakazomtuliza. Kumtoa nje ni kwa kamba, hata kama zamani hakuwahi kuivaa.

Mimi ningeanza na chumba, hasa kwa mbwa mzee au mwoga. Na yule wa kulinda usiku asifunguliwe wiki ya kwanza: bado hajui nani mwizi, nani mpangaji mwenzenu.