Lenzi ya mm 50 kwa picha za watu wasiojipanga: uzoefu wangu Kampala

Kwetu ukitoa kamera tu, kila mtu anasimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Shangazi yangu wa Kibuli amezidi: anafunga leso upya, anabana midomo, mikono ubavuni. Miaka yote hiyo sikuwa na picha yake hata moja akicheka, na mwenyewe ni mtu wa kucheka kutwa.

Miezi minane iliyopita nilinunua lenzi ya mm 50, f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), iliyotumika, kwa shilingi 350,000. Kamera yangu ni ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), aina ya APS-C, kwa hiyo 50 inavuta karibu kama 75 au 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Naweza kukaa hatua mbili tatu mbali na kichwa na mabega bado vikajaa picha. Tena f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6 ya lenzi niliyouziwa pamoja na kamera. Flashi nimeifungia kabatini. Ikishawaka mara moja, hakuna tena atakayesahau kwamba upo.

Asubuhi ya Idi nilimwomba shangazi ruhusa, nikampiga mbili tatu za kujipanga aridhike, kisha nikakaa jamvini, kamera mapajani. Robo saa hivi. Akarudi kwenye chapati zake. Mjukuu akadokoa moja ya moto, akawa anairusha mkono huu na huu, na shangazi akaangua kicheko, unga mpaka kwenye nyusi. Nikabonyeza: f/2.8, kasi ya 1/250 ya sekunde. Kwenye f/1.8, ukiwa karibu, jicho linatoka safi na sikio limeshaingia ukungu. Nilipomwonyesha akasema, "Mwanangu, huyu ni mama yangu kabisa!" Nikaichapisha wiki hiyo hiyo.

Jambo moja kwa wanaopiga Idi: kanzu nyeupe zikijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na nyuso zinakuwa nyeusi tii. Mimi naongeza mwanga kidogo, +0.7, na rangi ya ngozi inarudi.

Kasoro zipo. Yangu haina kizuia mtikisiko, chini ya 1/100 picha zangu zinacheza. Na ndani ni shida: sebuleni kwangu mgongo umefika ukutani na watu watatu hawaenei. Kama picha zako nyingi ni za ndani, anza na ya mm 35, inaona pana zaidi.