Stellarium: karani wa masjala alivyoutafuta mwanga wa Jimmy Carter

Kazi yangu ilikuwa masjala. Miaka na miaka ya kufungua mafaili, kugonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" na kusaka barua ambayo mkubwa ameapa aliitia saini "mwezi wa tatu hivi". Kwa hiyo niliposoma kwamba Jimmy Carter, kabla ya kuwa rais wa Marekani, aliwahi kuona mwanga wa ajabu angani na akaujazia fomu, kilichonishtua si mwanga. Ni fomu.

Aliijaza mwaka 1973, akiwa gavana wa Georgia. Aliandika kwamba tukio lilikuwa Oktoba 1969, katika mji mdogo wa Leary, saa moja na robo usiku, alipokuwa nje akingoja kuwahutubia wanachama wa Lions Club, chama cha watu wa kujitolea. Mwanga ulikuwa magharibi, kama nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Ulionekana kusogea karibu, ukarudi nyuma, ukabadilika rangi, na baada ya dakika 10 hadi 12 ukatoweka. Watu kama kumi waliuona pamoja naye.

Nikapakua Stellarium ili nikalitazame anga hilo mwenyewe. Kwa wasioijua: ni programu ya bure, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, ya kompyuta za Windows, Mac na Linux. Unaitajia mahali, tarehe na saa, nayo inakuchorea anga kama vile umesimama pale, wakati ule. Mahali unaweka kwa F6, tarehe na saa kwa F5. Ukibonyeza A unaondoa mwangaza wa hewa, ukibonyeza G ardhi yenyewe inatoweka na unaona nyota zilizo chini ya miguu yako. (Hiyo G ilinipotezea jioni nzima. Sijutii.) Kuna toleo la simu pia, ambalo baadhi ya mambo yake ni ya kulipia, lakini kwa uchunguzi wa aina hii nakushauri ukae kwenye kompyuta.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, na nalitaja kwa sababu najua msomaji wangu atalirudia. Saa moja na robo usiku: mimi nikaandika 01:15. Programu ikanipa, bila kubisha, anga la saa saba na robo usiku. Nikakaa nikilichambua karibu nusu saa, hata nikaanza kuandika maelezo pembeni. Kompyuta haisomi saa zetu. Andika 19:15. Halafu hakikisha majira ni ya mahali ulipoweka alama, si ya kompyuta yako. Yapo kwenye dirisha lilelile la F6.

Baada ya kurekebisha nikaweka Oktoba 1969, kama fomu inavyosema. Nikapitia siku moja baada ya nyingine, nikitafuta chochote kikali upande wa magharibi. Mshukiwa wa kwanza katika mambo haya huwa sayari ya Zuhura, lakini Oktoba ile Zuhura alikuwa nyota ya alfajiri. Saa moja na robo usiku alikuwa ameshazama zamani. Ningekuwa mtu wa haraka ningefunga faili hapo: sayari imetoka kwenye kesi, mwanga hauna maelezo, kila mtu akalale.

Lakini fomu iliyojazwa miaka minne baada ya tukio, kwa kumbukumbu tu, mimi siiamini tarehe yake. Barua ya "mwezi wa tatu hivi" mara nyingi niliikuta kwenye faili la Novemba. Na kumbe wapo waliofikiri hivyo zamani. Mmarekani Robert Sheaffer, aliyelichunguza suala hili miaka ya 1970, aliacha kumbukumbu ya Carter na kufuata kumbukumbu za Lions Club. Zilionyesha kwamba Carter alizungumza Leary tarehe 6 Januari 1969. Fomu ilikosea kwa miezi tisa.

F5. 1969, 1, 6. 19:15.

Na hapo ndipo Stellarium inapostahili kila sifa. Mwezi haujachomoza bado. Ulikuwa umepita kamili siku tatu nyuma. Anga jeusi, na upande wa kusini-magharibi kuna kitu kimoja kinachong'aa kuliko vyote. Nikabofya juu yake. Zuhura, nyuzi 25 juu ya upeo wa macho. Carter alikisia 30. Mng'ao wake ni hasi 4 na ushei, na katika kipimo hiki namba ikizidi kushuka ndivyo kitu kinavyozidi kung'aa: Sirius, nyota kali kuliko zote za usiku, ni hasi 1.46 tu.

Nilipiga meza kwa furaha. Kisha nikabonyeza L ili muda ukimbie, na furaha ikapungua. Zuhura anashuka taratibu mno. Anazama baada ya saa mbili na dakika chache. Mwanga wa Carter uliondoka baada ya dakika 12. Labda waliitwa ndani kikaoni na kila mmoja akaamini umetoweka, lakini hilo ni la kubuni, programu haiwezi kulithibitisha. Carter mwenyewe, aliyesomea chuo cha maofisa wa jeshi la majini kule Annapolis, alikataa kabisa kwamba alikuwa ametazama Zuhura. Wala hakuwahi kudai kwamba aliona chombo cha viumbe wa kigeni. Alisema tu hakukitambua.

Miaka ya karibuni yamejitokeza maelezo mengine. Jioni ileile, kutoka kambi ya jeshi la anga ya Eglin, Florida, ilirushwa roketi iliyomwaga bariamu, aina ya metali, juu sana angani. Wingu la bariamu kule juu bado linapigwa na jua wakati chini kumeshaingia giza, kwa hiyo linawaka, linatanuka, linabadilika rangi, kisha linafifia. Dakika 12 zinaingia humo bila shida. Nikapima mwelekeo kutoka Leary hadi Eglin kwenye ramani: kusini-magharibi, karibu sawasawa na alipokuwa Zuhura.

Kwenye Stellarium hakuna wingu lolote. Haliwezi kuwapo. Programu inajua sayari, nyota na mwezi kwa sababu njia zao zinahesabika. Roketi iliyorushwa na watu jioni moja haimo kwenye hesabu. Hata mawingu ya kawaida haina. Na tahadhari nyingine: kuna kiongezi cha kuonyesha setilaiti, lakini kinategemea vipimo vya sasa vya njia zao, ambavyo huharibika baada ya wiki chache. Usikitumie kwa tukio la zamani. Kizime kabisa, kisikuchoree shahidi wa uongo.

Kwa mnaotaka kurudi nyuma zaidi, mathalani ile kesi ya Nuremberg, Ujerumani, ya 14 Aprili 1561, watu walipodai kuona vitu vya ajabu angani: programu inatumia kalenda ya Juliani, ile ya zamani kabla ya hii yetu, kwa tarehe zote kabla ya 15 Oktoba 1582, basi andikeni tarehe kama ilivyo kwenye maandishi ya enzi hizo, msiigeuze kwanza. Ina mwaka sifuri pia, ambao wanahistoria hawana, kwa hiyo mwaka wa 2 kabla ya Kristo unaandikwa hasi 1.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikatia setilaiti: onyo kuhusu vipimo vyake lilipaswa kukaa palepale kwenye skrini, si ndani ya kitabu cha maelekezo ambacho ni watu wa masjala tu wanaokisoma. Picha ya Leary saa 19:15 nimeihifadhi, Zuhura yupo peke yake kwenye kona ya kusini-magharibi, na kwa kalamu nimechora duara kubwa la bariamu juu yake kidogo.