Karatasi za kukwangua za buku nane: vipepeo weka pembeni, tafuta jiwe

Kama umewahi kukwangua vocha ya jero kwa kucha huku daladala ya Buzuruga inakuacha basi nusu ya hii kazi unaijua tayari. Raha ni ile ile ya kitu kutokea chini ya kitu kingine, ila hapa badala ya namba zinatoka rangi. Karatasi ni nyeusi tii kama masizi ya sufuria, ukipitisha kijiti inatoka njano, mbele kidogo imekuwa chungwa, mara pinki, we hujachagua chochote imekuchagulia yenyewe.

Nimezinunua hapa Mwanza mjini kati kwenye duka moja la vifaa vya shule, jina naliacha. Nlienda kufuata madaftari ya mpwa wangu yuko darasa la tatu, nkaziona zimening'inia dirishani, nkauliza dada hizi nini, akasema "hizo za kukwangua kaka, watoto wanazigombania, lete elfu kumi." Tukavutana pale mpaka nane. Pakiti imeandikwa karatasi 10, ndani na kijiti kimoja cha mianzi na kipande cha plastiki chenye matundu ya vipepeo na maua ya kufuatishia.

Sasa malalamiko kwanza maana ndio yaliyonijaza. Nimefika nyumbani nahesabu ni tisa. Na katika hizo tisa mbili zimegandana, ukizibandua nyeusi ya moja inahamia mgongoni kwa mwenzake unabaki na mabaka. Karatasi yenyewe nyepesi, kama kava la daftari la bei chee, na ule weusi una wivu balaa, ukiweka kucha bahati mbaya imeandika, ukishika na mkono wa jasho alama inabaki, na mjue jua la hapa kwetu saa nane mchana nani hatoki jasho. Kijiti nacho kwenye karatasi ya pili ncha imeshakuwa butu, badala ya mstari kinaacha mtaro.

Kesho yake nkarudi dukani na zile mbili zilizogandana. Dada wa watu akaziangalia akasema zilikaa sana dirishani kaka, jua limezipiga, pole. Kubadilisha hakunibadilishia. Akanipa kichongeo cha penseli bure. Nkaona ananitania yaani nimekuja na kesi ya karatasi napewa kichongeo, nimetoka pale nimenuna mpaka stendi. Kumbe ndio dawa ya kile kijiti! Unakichonga kama penseli, mstari unarudi kuwa mwembamba kama unywele. Kwa hilo tu hasira zikapungua nusu.

Vipepeo sitavisemea sana. Mpwa alimaliza viwili ndani ya dakika kumi, akaniuliza "anko, na sasa hivi?" halafu akarudi kwenye katuni. Ndio shida ya kufuatisha matundu, ukimaliza kipepeo umemaliza, kila mtoto wa Mwanza nzima mwenye hiyo pakiti ana kipepeo hicho hicho.

Sisi tunakaa Igogo kule juu mlimani, na wanaojua nyumba za milimani huku wanajua kila nyumba na jiwe lake, letu liko mlangoni kabisa, mama anaanikia dagaa hapo. Jumapili umeme ukakatika, katuni hamna, dogo akachukua karatasi akaenda kukalia jiwe, akaiweka juu ya jiwe akaanza kuchora sijui gari sijui nini. Mara nasikia analia. Kijiti kila kikipita kwenye chembe ya jiwe kinaruka, mstari umejaa vidoti, gari limeharibika. Nkaichukua niangalie. Aisee. Lile gari ndio lilikuwa baya, zile sehemu zilizoharibika ndio zilikuwa nzuri.

Nkachukua laini ya zamani ya simu, ile kadi yake kubwa unayobanduaga laini ikabaki na tundu, nkailaza bapa nkaipitisha juu ya karatasi ikiwa bado juu ya jiwe, taratibu, bila kukandamiza. Mawe yetu haya ni granaiti, yana chembe chembe ngumu kila sehemu, basi kila chembe iliyoinuka chini ya karatasi inakwanguka, palipobonyea panabaki peusi. Ikatoka ngozi ya jiwe kama ilivyo, ila kwa rangi, chungwa na kijani na zambarau zimetawanyika. Ukisogeza karatasi kidogo ukarudia, chembe zinapishana na zile za mwanzo, inakuwa kama dagaa zilizomwagwa kwenye mchanga bado hazijasambazwa. Hakuna kitu kilichochorwa pale, na huwezi kuacha kuitazama.

Baadaye nkaja kusoma kwamba kuna msanii Mjerumani, Max Ernst, miaka ya 1920 akiwa Ufaransa alikuwa anafanya mambo haya haya kwenye turubai, analaza turubai yenye rangi juu ya vitu vyenye uso usio laini halafu anakwangua, wenyewe wanaita grattage. Sisi tumefikishwa hapo na Tanesco, haya.

Kuanzia hapo plastiki ya vipepeo ilienda chini ya kitanda mpaka leo. Tumejaribu kila kitu cha nyumbani. Chanuo la mama linatoa mistari sambamba, ukizungusha mkono unapata mawimbi safi kabisa. Uma mzuri ila unachana. Kizibo cha soda ukikizungusha palepale kinaacha duara lenye meno. Halafu kuna kile kiparuo cha magamba, kipande cha mbao kimepigiliwa vizibo vya soda kichwa chini, nilikipitisha mara moja tu kwa hizi karatasi za dukani, ikachanika kati kwa kati. Karatasi ya saba ikafia hapo.

Kosa nililorudia sana mimi ni uroho. Unaona rangi zinatoka unataka zote, unakwangua mpaka mwisho, unabaki na karatasi ya rangi rangi kama kanga iliyochuja. Weusi ndio unaobeba picha, uache. Mi sasa hivi nikifika nusu naiweka chini nakunywa chai, nikirudi naigeuza juu chini, mara nyingi naona imeshaisha. Na hakuna kufuta, mstari ukipita umepita, nimejaribu kuziba na maka peni nyeusi ikawa inang'aa peke yake kama kiraka cha suruali. Na ule unga mweusi usiupanguse na kiganja, utasambaza, inamisha karatasi uigonge kwa nyuma.

Karatasi zilipoisha sikununua nyingine, tumetengeneza. Manila nyeupe moja, unaikata vipande vinne, unapaka krayoni, na hapa usibembeleze, paka kwa nguvu mpaka karatasi ing'ae nta na nyeupe isionekane hata kidogo, mkono utauma. Rangi za mwanga ndio zinatokea vizuri, kahawia na bluu nzito zinamezwa. Juu yake rangi nyeusi ya maji ile ya watoto. Mara ya kwanza ilinishinda, rangi inakusanyika matone matone inakimbia kama maji kwenye jani la mgomba, maana nta na maji havielewani. Dawa yake ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone mbili tatu kwenye rangi, koroga taratibu isitoe povu, inashika. Paka mkono wa kwanza kwa ulalo, ukikauka wa pili kwa wima. Na usianike juani jamani, nilianika kwenye bati nkakuta nta imelainika, kukwangua inatoka kama ugali mbichi. Iache ndani usiku mzima.

Ukilinganisha, ya dukani mstari wake msafi zaidi na haikuchafui. Ya nyumbani weusi wake unabanduka kwa vipande, kingo zinakuwa chakavu, mi ndio napenda hivyo, na manila inavumilia hata kile kiparuo cha magamba, kinatoa mikwaruzo mipana ambayo kijiti hakiwezi. Ila kwenye jiwe ya dukani inashinda, manila nene haifuati chembe. Kwa hiyo kama unazo mbili tumia ya dukani kwa jiwe.

Pakiti kama ilivyo, na vipepeo vyake na karatasi pungufu, naipa nyota mbili. Mtu mzima mwenye jiwe mlangoni na kichongeo, nne, ila afungue pakiti ahesabu palepale kaunta kabla hajatoa hela, na asikubali zilizokaa dirishani.

Moja niliyoipenda nimeibandika sebuleni, karibu yote nyeusi, juu tu kuna vidoti vya njano kama kumi na mbili hivi ambavyo jiwe lilivitoa lenyewe. Mama kapita na beseni lake kasimama kaitazama sana. Nkajua ananiuliza hii ni nini, nkawa naandaa maelezo ya kwamba mama hapo hakijachorwa kitu. Akasema, "hapa ni mbalamwezi nini, mbona taa za wavuvi chache ziwani," akaendelea na safari yake, "ndio maana dagaa zimepanda bei."