Huduma ya michango ya harusi kwa simu: risiti safi, ukumbusho wa kausha damu

Aliyewahi kushika daftari la kamati ya harusi hapa Dar anajua: ahadi zinaandikwa jioni moja, kuzidai ni miezi. Safari hii mdogo wetu wa mwisho alipotangaza kuoa, nikapewa uhazini kwa kuwa ofisini nafanya uhasibu, na shemeji, mwenyekiti wetu, akasema daftari basi, tulipie kampuni ya vijana wanaokusanya michango kwa simu. Jina lao silitaji. Huduma za namna hii zipo kadhaa mjini na zinafanana mno, kwa hiyo haya yatamfaa hata atakayekwenda kwa jirani yao.

Utaratibu ni rahisi. Unawapa majina na namba, wanatuma kadi ya mchango, mtu anaandika ahadi yake, kisha analipa kidogo kidogo kwa mtandao wowote wa simu. Akitimiza, anatumiwa kadi ya kuingilia ukumbini, single (ya mtu mmoja) au double (ya wawili), ya kuskaniwa mlangoni.

Kilichonikosha ni risiti. Michango mingi inakufa kwa shaka: mtu katuma pesa kwa mhazini, siku mbili kimya, anaanza kujiuliza kama imefika au imeshageuka kitenge cha mhazini. Hapa jibu linamfikia papo hapo, lina jina lake, alicholipa na kilichobaki, halafu kwenye orodha inayotumwa kwenye grupu la WhatsApp jina lake linapata tiki ya kijani. Mama mkubwa wa Tanga, ambaye hajawahi kuandika neno kwenye grupu lile, alinipigia kuuliza kwa nini wifi yake ana tiki na yeye hana. Nikamwambia, "Shikamoo mama, wifi amemaliza jana." Kabla ya magharibi na yeye akawa amemaliza.

Ila orodha hiyohiyo ilitaka kutuua. Wa juu kabisa aliandikwa bosi wa bwana harusi, Sh 500,000, na baada yake grupu likapoa kabisa. Nani mwenye Sh 30,000 yake atakubali kusomwa chini ya laki tano mbele ya wakwe? Kumbe mfumo una sehemu ya kuficha kiasi na kupanga majina kwa alfabeti, lakini wameichimbia ndani ya mipangilio mpaka kijana wao alipokuja kunionyesha. Tulipoficha, watu wa elfu ishirini na thelathini wakaanza kuchanga mmoja mmoja. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo orodha ingepaswa kuanza, na anayetaka kuonyesha viwango ndiye ahangaike kutafuta.

Jambo la pili ni kile kisanduku cha kima cha chini, ambacho huwezi kukiacha wazi. Kamati ikajaza Sh 100,000, bei ya single. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Cialdini na David Schroeder, walichapisha utafiti wa uchangishaji wa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chama cha kupambana na saratani. Waliposema tu kwamba hata senti moja itasaidia, waliochangia walipanda kutoka asilimia 29 hivi hadi 50, na wastani wa walichotoa haukushuka. Shangazi yangu hajasoma utafiti huo, lakini tangu nipate akili namsikia akisema "hata elfu tano, mwanangu, ni baraka." Kwenye fomu baraka hiyo haina pa kuandikwa. Tukaishia kutuma ujumbe wetu wenyewe pembeni, tukieleza wazi kwamba kadi ya ukumbini inaanzia single kwa sababu ya hesabu ya sahani. Hakuna aliyenuna. Wapo wanaochanga kwa ajili ya kiti, na wapo wanaochanga kwa ajili ya undugu. Wote wanataka kuambiwa mapema.

Kuna pia mstari unaoonyesha mmefika asilimia ngapi ya bajeti. Ukizindua ukiwa sifuri, kila mtu anasubiri mwenzake. Sisi tuliingiza kwanza pesa za familia, kisha ndiyo tukafungua grupu. Fanyeni hivyo, na kijana wa kampuni asiwaharakishe.

Sasa ukumbusho. Hapa ndipo nawanyang'anya nyota mbili nzima. Ujumbe unakwenda wenyewe, alfajiri, kwa jina la kampuni kwa herufi kubwa: "Ndugu mchangiaji, unakumbushwa kukamilisha salio la ahadi yako." Baba mdogo wa Morogoro alinipigia sauti ikitetemeka: "Mwanangu, nimekopa wapi tena mimi?" Alidhani ni wale wakopeshaji wa riba kali, kausha damu. Wengine hawakupiga hata simu, walinyamaza tu, na mtu akishanyamaza kwa kuona amedhalilishwa, kumrudisha ni shughuli.

Nikazima ukumbusho wote na kugawa majina. Upande wa mama ukapigiwa na shangazi, wanafunzi wenza wakapigiwa na mpambe wa bwana harusi, majirani akawachukua mama mwenyewe, kwa miguu. Simu ya shangazi ilikuwa inaanza na habari za mahindi na magoti, inapita kwenye msiba wa bibi ambao "mlituletea mchele, hatujasahau", mchango unatajwa mwishoni kabisa kama vile ndiyo kwanza anaukumbuka. Nani atamnyima? Kila nyumba inajua nani alisimama naye lini, na hilo halimo kwenye jedwali lao. Wangeongeza safu moja tu, "nani ampigie", ningewasamehe mengi.

Kwenye kikao cha kuvunja kamati, taarifa yao ilichapwa ikatoka safi, makato ya mitandao yakiwa peke yake, na hata mjomba anayependa kuhoji alirudisha karatasi na kuomba soda.

Nyota tatu kati ya tano. Chukueni kifurushi cha risiti na kadi za mlangoni. Kile kikubwa chenye ukumbusho waachieni wenyewe, na tofauti ya bei wanunulieni mashangazi vocha.