Uzoefu wangu na WRX GDA iliyotiuniwa Nairobi: nguvu kiasi gani inatosha?

Ninachokipima hapa ni huduma ya kutiuni kompyuta ya injini, yaani kuiandikia programu upya, kwenye Subaru Impreza WRX ya umbo la GDA: injini EJ205 ya lita 2.0, giaboksi ya mkono ya gia 5, turbo ya kiwandani aina ya TD04. Kazi ilifanyika Nairobi kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Vipuri vilivyoenda nayo ni eksozi ya inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, pampu ya petroli ya Walbro ya lita 255 kwa saa, plagi za NGK zilizo baridi zaidi kwa hatua moja, na chujio jipya la hewa ndani ya kasha lake la asili. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ni ile ile inayokaa juu ya injini. Gereji siitaji kwa jina, maana swali lenyewe humfikia kila mwenye Subaru popote alipotiunia: karatasi ya kwanza ya daino ikishatoka, uendelee au usimame? Mimi nimesimama hapa, na sababu zangu ni za namba.

Kabla ya kazi gari lilitoa nguvu za farasi 158 kwenye magurudumu. Baada yake, 192. Hizo ni namba bila masahihisho, na hapo ndipo watu wengi wa Nairobi wanapodanganyika. Mashine nyingi za daino huwa na fomula ya kusahihisha matokeo ili yafanane na ya usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101. Fomula ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, ikiachiwa, huzidisha matokeo kwa takriban 1.24, na farasi 192 zinageuka 238 kwenye karatasi. Fomula hiyo iliundwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa, kwa hiyo kuizidishia injini ya turbo kiasi hicho ni kuipa nguvu isiyokuwa nayo. Omba karatasi isiyo na masahihisho, ya kabla na ya baada, siku moja, mashine moja, gia ile ile. Kwenye giaboksi hii tumia gia ya 4, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na uwiano wa moja kwa moja, na gari hubaki kwenye mzigo muda wa kutosha kwa turbo kujaza. Tofauti kati ya karatasi mbili ndiyo unayoilipia. Namba moja kubwa peke yake haina maana.

Sasa hesabu iliyonifanya nisimame. Nguvu barabarani inahitajika zaidi wakati wa kupita lori, na kwenye barabara ya Mombasa hilo ni jambo la kila dakika chache kuanzia Salama hadi Voi. Gari lenye watu wawili na mizigo ni kama kilo 1,500. Kulipeleka kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa kunahitaji nishati ya kilojuli 463, upepo ukiwekwa kando. Wastani wa farasi 120 kwenye magurudumu katika kipindi hicho unakupa sekunde 5.2. Farasi 160, sekunde 3.9. Farasi 200, sekunde 3.1. Farasi 240, sekunde 2.6. Angalia jinsi faida inavyopungua: farasi 40 za kwanza zinaokoa sekunde 1.3, za pili 0.8, za tatu 0.5. Lakini gharama inakwenda kinyume. Farasi 40 za kwanza zinapatikana kwa eksozi, pampu na programu. Za tatu zinadai turbo nyingine, injekta, intakula, klachi, na hatimaye giaboksi.

Tena kinachohesabika ni wastani, si kilele. Kwenye gia ya 3, kilomita 80 kwa saa ni kama mizunguko 3,600 hadi 3,900 ya injini kwa dakika. Turbo kubwa ambayo haijajaza hadi mizunguko 4,500 inaweza kutoa kilele kirefu sana kwenye karatasi na bado ikashindwa na TD04 kwenye kupita lori, kwa kuwa sehemu nzuri ya safari hiyo imekwisha kabla haijaamka. Hili ndilo jambo lililonifurahisha zaidi kwenye kazi hii: fundi hakukimbiza kilele. Presha ya turbo inafika bar 1.0 karibu na mizunguko 3,200, inakaa hapo, halafu inashuka taratibu hadi kama 0.75 ikikaribia 6,500. Kushuka huko si ubovu. TD04 ni ndogo, na ukiilazimisha ishike bar 1.0 hadi juu inakuwa kifaa cha kupasha hewa moto, wala nguvu haiongezeki.

Urefu wa Nairobi unaingia hapa pia. Mombasa, bar 0.9 ya presha ya turbo ni uwiano wa karibu 1.9 kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Ili silinda zipate hewa ile ile Nairobi, turbo lazima isukume kilopaskali 108 juu ya hewa ya nje, na uwiano unapanda hadi 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na intakula ya juu ya injini, ambayo kwenye foleni ya Mombasa Road hupokea joto la injini moja kwa moja, ina kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia EJ205 yenye TD04 inafika namba fulani huko Ulaya au Japani, ujue hiyo ni hewa nyingine.

Petroli nayo. Magari haya ya soko la Japani yaliandikiwa programu kwa petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo ina oktani (kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati) takriban 100. Yetu ya pampu haifiki hapo. Injini ambayo haijatiuniwa hujilinda kwa kurudisha nyuma muda wa cheche kila inaposikia noki, yaani mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda, na ndiyo maana GDA nyingi hapa zinahisi nzito kuliko zinavyosifiwa. Sehemu kubwa ya mafanikio ya kazi hii ni kurekebisha hilo. Muda wa cheche umerudishwa nyuma pale torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inapokuwa juu, kati ya mizunguko 3,200 na 4,200, ukasogezwa mbele kwenye mizunguko ya juu ambako injini inauvumilia. Mchanganyiko kwenye mzigo kamili unakaa kati ya 10.8 na 11.2 za hewa kwa 1 ya petroli. Gari limekuwa laini hata kwa mtu asiyekanyaga hadi mwisho.

Kujua kama nguvu uliyonayo ni ya kweli, na si ya mkopo, rekodi data mwenyewe. Programu ya RomRaider na kebo ya Tactrix zinasoma kompyuta ya Subaru vizuri. Tafuta barabara tupu na salama, joto la maji limetulia, kisha kanyaga hadi mwisho kwenye gia ya 3 kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500. Afadhali zaidi ufanye hivyo kwenye daino. Angalia kwanza kizidishi cha cheche, namba inayoonyesha kompyuta inauamini muda wa cheche kiasi gani, kile rekodi hukiita IAM. Kwenye kompyuta za zamani za bit 16 kinatakiwa kikae 16, na kwenye zile za bit 32 kikae 1. Kikishuka, injini imekataa ramani (programu) uliyopewa, hata kama daino ilitoa namba nzuri siku hiyo. Halafu tazama marekebisho ya noki: sifuri ni salama, kushuka kwa nyuzi moja au mbili hapa na pale kunaweza kuwa kelele tu, lakini kushuka kunakojirudia kwenye mzunguko ule ule ni noki halisi. Mwisho, muda ambao injekta zinakaa wazi. Zikizidi asilimia 85 hadi 90 umefika mwisho wa petroli. Zangu ziko juu kidogo ya 80. Hiyo peke yake inaniambia kwamba hatua inayofuata lazima ianze na injekta mpya, kabla hata ya kuzungumzia turbo.

Rudia mvuto huo, yaani kule kukanyaga hadi mwisho, mara kadhaa mfululizo, ukiruhusu injini ipumue kidogo tu katikati. Huu ndio mtihani ambao gereji hazipendi kuufanya. Mvuto wa kwanza intakula ikiwa baridi hauelezi chochote. Nguvu ya gari ni ile inayobaki kwenye mvuto wa nne. Kama joto la maji linapita nyuzi 105, au cheche inarudi nyuma zaidi kila mara, basi tayari una nguvu nyingi kuliko mfumo wa kupoza unavyoweza kubeba, na fedha inayofuata ni ya radieta na intakula.

Giaboksi ndiyo mpaka ambao wengi huugundua kwa sauti. Gari la magurudumu mawili ya kuendesha, kama Mark X, likizidiwa na nguvu tairi huteleza, na kuteleza huko kunaokoa vyuma. WRX inashika kwa magurudumu yote manne, hivyo nguvu isiyopata pa kutokea inaishia kwenye meno ya gia. Giaboksi ya gia 5 ya WRX inajulikana kwa kuvunja gia ya 3, na kinachoivunja ni torki ya ghafla kwenye mizunguko ya chini, pamoja na kuachia klachi kwa kishindo ili gari liruke. Idadi ya farasi inakuja baadaye. Niliomba torki ya katikati isizidi makadirio ya Nm 380 kwenye injini. Ya kiwandani ni kama Nm 334. Fundi aliweza kuipandisha zaidi kwa kuongeza presha ya chini. Nilikataa, na ningemshauri yeyote mwenye giaboksi hii akatae. Giaboksi ya gia 6 kutoka STI ni imara kweli, lakini inakuja na difu yake ya nyuma, ekseli na hesabu nyingine ndefu.

Breki hazijui farasi, zinajua kasi na joto. Kusimamisha gari hili kutoka 120 kunageuza kilojuli 833 kuwa joto. Kutoka 160 ni 1,481, ongezeko la asilimia 78 kwa pedi na diski zile zile. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230; yakishavuta unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155, na teremko la Mai Mahiu linatosha kukuonyesha kanyagio linalozama. Badilisha mafuta hayo na uweke pedi nzuri kabla ya kuongeza farasi hata moja.

Malalamiko yangu kuhusu huduma ni mawili. La kwanza, ramani moja tu ilitolewa. Ukishuka Mombasa na mfumo unaolenga presha ile ile juu ya hewa ya nje, silinda zinapokea hewa nyingi zaidi, tena ya joto na unyevu, na akiba yako dhidi ya noki inapungua. Nilirudi kuomba ramani ya pwani yenye presha ya bar 0.85 na cheche pungufu kwa nyuzi 2 kwenye torki ya juu. Inafaa itolewe tangu mwanzo kwa gari la Nairobi. La pili, hakuna aliyekagua oili kabla ya kupandisha gari kwenye daino. EJ205 huua beringi za konrodi ikikosa oili kwenye kona ndefu au mvuto mrefu, na injini nyingi za umri huu zinakula oili kidogo kidogo. Kipimo kiwe kwenye alama ya juu, oili ya 5W-40 au 10W-40 nzuri, na ibadilishwe kila kilomita 5,000.

Ukishatiuni, usiguse njia ya hewa. Gari hili hupima hewa kwa sensa ya MAF, na bomba la kuingizia lenye kipenyo kikubwa zaidi linabadilisha usomaji wake. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli pungufu, na noki inaanza bila dalili yoyote kwa dereva. Vali ya kutoa hewa nje kwa sauti nayo inatupa hewa ambayo tayari imehesabiwa, ndiyo sababu magari hayo hutoa moshi mweusi kati ya gia.

Jibu langu lingekuwa tofauti kwa mtu anayeshindana kupanda vilima au kwenye autokrosi, yaani mbio za njia fupi ya kuzunguka. Huko unajipima kwa saa, na rekodi ya kanyagio inakuambia: kama unakanyaga hadi mwisho kwa zaidi ya nusu ya njia, nguvu zaidi itakusaidia. Kama ni chini ya robo, tafuta tairi, shokomzoba na difu kwanza. Kwa barabara za kawaida kipimo changu ni gia ya 3 kutoka 80 hadi 120. Ikifanyika ndani ya sekunde 4 mara nne mfululizo, IAM ikibaki juu na maji yakibaki chini ya nyuzi 100, turbo kubwa inaweza kusubiri hadi ile iliyopo ichakae.